Kabla ya kayaki na ubao, jueni upepo unatoka wapi

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Sisi ni wafanyakazi wanane wa ofisi moja, umri kati ya miaka 25 na 40. Tumechanga fedha twende mapumziko ya siku saba kwenye pwani yenye jua. Tunataka kucheza voliboli ya mchangani, kujaribu kayaki na ubao wa kusimama, kuangalia samaki kwa miwani na mrija, kupanda mawimbi, na muda ukiruhusu tuzamie na mtungi wa hewa. Wawili kati yetu hawajui kuogelea kabisa, waliobaki tumejifunzia bwawani. Siku ya saba asubuhi tunapanda ndege kurudi. Tupange vipi siku zetu, na tuanze na mchezo upi?"

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Hayo yote yanawezekana ndani ya siku saba, hata kwa wale wawili, kwa kiasi chao. Ila naona mmepanga kwa majina ya michezo: leo kayaki, kesho mawimbi, keshokutwa samaki. Baharini ratiba ya namna hiyo huvunjika siku ya pili. Maji yaleyale yanayofaa kayaki saa tatu asubuhi huwa hayafai kabisa saa tisa alasiri, na mahali mlipotembea kwa miguu jana, kesho saa hiyohiyo panaweza kuwa pamefunikwa. Kwa hiyo kila asubuhi angalieni kwanza upepo, jedwali la maji kujaa na kupwa, na ukali wa jua, ndipo mchague mchezo. Upepo nauweka mbele ya vyote, kwa sababu ndio unaowadanganya zaidi watu waliozoea bwawa.

Jua linapopiga, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi hupanda, na hewa iliyopoa ya baharini huja kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana pwani nyingi zenye jua huanza kupata upepo wa baharini kuelekea adhuhuri, ukashika nguvu alasiri, ukalegea jua likizama. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa upesi, na upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda baharini, mara nyingi hadi asubuhi jua likiwa tayari limetoka.

Hapo ndipo penye mtego. Mgeni anaamka, anaona maji ya karibu na ufuko yamelala kama kioo, anasema leo bahari imetulia. Yametulia kwa sababu upepo unatokea nyuma yake, na miti, majengo na vilima vya mchanga vinaukinga. Akishatoka mita 200, kinga imekwisha. Upepo unamshika mgongoni, na kila anapopumzika na kafi anasogezwa nje. Aliyesimama juu ya ubao ndiye anayeshikwa zaidi, maana mwili wake wote unakuwa tanga. Kwenda kule alitumia dakika chache bila jasho. Kurudi kunaweza kumshinda kabisa. Nimekwenda kuwachukua watu wa aina hii kwa boti, wengi wao wazima wa afya na wenye misuli, na karibu kila mmoja huniambia neno lilelile: hakuhisi kama upepo upo.

Kwa hiyo fanyeni hivi kila asubuhi kabla ya kugusa kifaa. Mmoja asimame maji yakimfika kifundo cha mguu, uso uelekee baharini. Upepo ukimpiga usoni, unatoka baharini. Maji yatakuwa na vurugu kidogo, lakini atakayechoka atasukumwa kurudi ufukoni. Ukimpiga kisogoni, kayaki na mbao zibaki mchangani mpaka ugeuke. Ukipita shavuni, yaani sambamba na ufuko, mnaweza kutoka, mradi mwanze kwa kupiga kafi dhidi ya upepo mkiwa na nguvu, ili urudi nao mkiwa mmechoka. Kisha atazame mbali, si maji ya miguuni. Vilele vyeupe vikionekana hapa na pale, upepo umefika daraja la 3 kwenye kipimo cha Beaufort, yaani kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Vikiwa vingi, ni daraja la 4, kilomita 20 hadi 28. Kwa mtu anayejifunza ubao wa kusimama, mimi humpandisha nchi kavu vilele vya kwanza vinapoonekana, hata kama amelipia saa nzima.

Magodoro ya plastiki na maboya ya kujaza upepo nayapinga waziwazi yakiwa kwenye bahari iliyo wazi. Hayana uzito, hayaongozwi, na mara nyingi anayepanda ndiye asiyejua kuogelea. Kwenye baadhi ya fukwe zenye waokoaji hupandishwa soksi ya upepo ya rangi ya chungwa, yaani mfuko mrefu wa kitambaa unaojazwa na upepo, maana yake vitu vya kujaza hewa visiingie majini. Mkiiona, itiini hata kama maji yanaonekana shwari.

Sasa wale wenzenu wawili. Siku ya kwanza iwe yao, na nyote mshiriki, kwa sababu aliyejifunzia bwawani naye ana la kujifunza. Tafuteni sehemu ya mchanga, maji ya kiunoni, pasipo mawimbi wala mkondo. Maji ya bahari yana chumvi ya takriban gramu 35 kwa kila kilo, hivyo ni mazito kuliko ya bwawa kwa karibu asilimia 3, nayo humwinua mtu vizuri zaidi. Mwenzake asimame nyuma yake, amshike chini ya mabega kwa viganja viwili. Anayejifunza alaze kichwa nyuma mpaka masikio yazame. Hapa ndipo wengi wanapokataa: sauti zinabadilika, maji yanaingia masikioni, shingo inakakamaa na kichwa kinanyanyuka. Kichwa kikinyanyuka tu, nyonga zinashuka na mwili wote unazama. Mwambieni atazame angani, kidevu juu, avute pumzi ajaze kifua, atoe polepole, mikono aitanue kama anayejinyoosha. Miguu ikishuka, aiache ishuke, haina ubaya. Mwenye kumshika aanze kulegeza mkono mmoja, kisha wa pili, bila kumwambia na bila kuondoka. Akishaelea mwenyewe kwa pumzi kadhaa, amepata ujuzi utakaomsaidia kuliko mtindo wowote wa kuogelea, kwa sababu anayejua kuelea ana muda wa kufikiri na wa kuita msaada.

Kuelea huko hakuwafanyi waogeleaji. Kwenye kayaki wakae kwenye ya watu wawili pamoja na anayeogelea, na jaketi la kuokoa maisha livaliwe, si kuwekwa chini ya kiti. Wakishalifunga, mshike mabega ya jaketi mlivute juu kwa nguvu. Likipanda mpaka kidevuni au masikioni, ni kubwa mno na majini litamtoka. Nanyi wengine vaeni pia. Mwogeleaji hodari aliyegongwa kichwani na ubao hana tofauti na asiyejua. Kwenye ubao wa kusimama ongezeni kamba ya mguuni, kwa sababu ubao ukikuponyoka upepo huubeba kwa kasi usiyoiweza kwa kuogelea. Mkizidiwa, msiuache ubao wala kayaki kujaribu kuogelea kurudi. Mtafutaji huona ubao akiwa mbali sana, lakini kichwa cha mtu kati ya mawimbi madogo hakionekani hata kwa karibu. Filimbi iliyofungwa kwenye jaketi ni kitu kidogo, nami siwezi kutoka bila hiyo.

Kuhusu maji kujaa na kupwa, kwenye pwani nyingi kutoka maji makuu hadi makuu mengine ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku nyakati husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, tofauti huwa ndogo. Kiasi hutegemea mahali: kwenye ghuba ya Fundy, Kanada, tofauti hufika mita 16, ilhali sehemu kubwa ya bahari ya Mediterania haifiki hata nusu mita. Msichukue uzoefu wa pwani moja mkaupeleka nyingine. Tafuteni jedwali la pale pale mlipo.

Jedwali peke yake halisemi maji yanakwenda kwa kasi gani, na hilo ndilo linalowanasa watu. Hayaji kwa mwendo mmoja. Mabaharia hutumia hesabu ya kugawa mara 12: saa ya kwanza huingia sehemu 1 kati ya 12, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukulieni tofauti ni mita 3. Saa ya kwanza maji yatapanda sentimeta 25, na mtu aliye kwenye fungu la mchanga atasema bado kuna muda mwingi. Saa ya pili 50. Saa ya tatu na ya nne, 75 kila moja. Tena hayamfuati kwa mbele anakotazama. Huingia kwanza kwenye mfereji ulio kati yake na ufuko, hivyo anapogeuka anakuta njia ya kurudi imeshakuwa kina cha kifua na mkondo ndani yake. Mkienda kutembea kwenye miamba au mafungu maji yakiwa yamepwa, geukeni kurudi kabla hayajafika chini kabisa.

Hesabu hiyohiyo inawapa saa nzuri ya kuangalia samaki. Mkondo hulegea karibu na maji kujaa kabisa au kupwa kabisa, na huwa mkali katikati. Maji makuu yanayoangukia asubuhi, kabla upepo wa baharini haujaamka, ndiyo ninayoyapenda kuliko yote: kina kinatosha kupita juu ya matumbawe bila magoti kugusa, na mwanga unashuka mpaka chini. Nendeni wawili wawili, mmoja atazame chini na mwingine kichwa juu, mkibadilishana. Nasisitiza hili kwa sababu mtu aliyezimia akiwa na miwani na mrija hubaki ameelea kifudifudi, sawasawa na anayefurahia samaki. Anayependa kupiga mbizi bila mtungi asivute pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kushuka. Watu hudhani wanajaza oksijeni. Kinachotokea ni kupunguza kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo humwambia mwili uhitaji hewa. Onyo linachelewa, oksijeni inakwisha, na mtu anazimia bila kuhisi dalili. Matumbawe msiyasimamie wala msiyaguse. Ni wanyama walio hai, na yakikukata kidonda hupona polepole. Kwenye mchanga wa maji mafupi burutisheni nyayo badala ya kuzinyanyua, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia asikie na kuondoka. Akimchoma mtu, eneo hilo lilowekwe kwenye maji ya moto kadiri anavyovumilia bila kuungua, kiasi cha nyuzi 45, huku mkitafuta huduma ya afya.

Mawimbi yanahitaji subira zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

Mkifika ufuko wa mawimbi, kaeni mchangani mahali palipoinuka mtazame kwa dakika 20 nzima. Mawimbi huja kwa makundi. Dakika tano za kwanza mnaweza kuwa mmeona yale madogo tu. Wimbi huvunjika kina kikikaribia mara 1.3 ya urefu wake, maana yake wimbi la mita 1 hupasuka penye maji ya mita 1.3 hivi. Kwa hiyo povu linawachorea ramani ya chini. Panapovunjika ni pafupi. Na penye pengo, pale ambapo mawimbi yanavunjika kushoto na kulia lakini katikati maji yanaonekana tulivu na yenye rangi iliyokolea zaidi, chini kuna mfereji. Mgeni huchagua kuingilia hapohapo kwa sababu panaonekana salama. Maji yote ambayo mawimbi yameyasukuma ufukoni yanatafuta njia ya kurudi, na njia yao ni huo mfereji.

Tazameni pengo hilo kwa makini. Povu juu yake halisogei kuja kwenu. Linakwenda nje, wakati mwingine na michirizi ya mchanga uliovurugwa, na majani yaliyoelea yanapita kinyume na mawimbi. Huo ni mkondo unaorudi baharini. Kawaida huenda mwendo wa chini ya mita 1 kwa sekunde, lakini imepimwa inayofika karibu mita 2.4 kwa sekunde, kasi ambayo hata bingwa wa Olimpiki haiwezi. Haumvuti mtu chini. Humpeleka nje, na kinachoua ni uchovu wa kupigana nao uso kwa uso, akitazama ufuko unavyozidi kuwa mbali.

Ukichukuliwa, lala chali uelee, ile ile ya siku ya kwanza. Pumua. Nyanyua mkono mmoja kuita. Kisha angalia unapelekwa wapi. Ushauri wa miaka mingi ni kuogelea sambamba na ufuko mpaka utoke kwenye mfereji, ndipo urudi kwa kupitia panapovunjika mawimbi, nao bado ni mzuri. Vifaa vya kufuatilia mwendo wa maji vimeonyesha pia kwamba mikondo mingi huzunguka na kumrudisha mtu kwenye maji mafupi, kwa hiyo ukiogelea upande mmoja ukahisi maji yanakukataa, jaribu upande wa pili au endelea kuelea. Anayejua hili tangu mwanzo huwa na utulivu wa kutosha kufanya lolote kati ya hayo.

Anayezama kweli hapigi kelele wala hapungi mkono. Mwokoaji wa Marekani Frank Pia ndiye aliyeeleza hali hii kwa kina: mdomo uko usawa wa maji, kichwa kimeegemea nyuma, mikono inasukuma maji chini kwa pembeni kana kwamba anapanda ngazi, na mtu mzima ana kati ya sekunde 20 na 60 kabla ya kuzama. Ukimuuliza mwenzako "uko sawa?" na hajibu, amini kwamba hayuko sawa. Lakini msimrukie. Ukoo mzima au kundi zima la marafiki hupotea kwa namna hii, mmoja akimfuata mwingine. Mtupieni kitu kinachoelea, iteni waokoaji, na anayelazimika kuingia aingie na ubao au boya mbele yake. Mwaka 1925 huko California, Duke Kahanamoku wa Hawaii, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa kuogelea, alikwenda na kurudi kati ya mawimbi kuwatoa watu 8 kwenye boti iliyopinduka. Naye, pamoja na uogeleaji wake wote, aliwaendea kwa ubao.

Ufuko wa mawimbi chagueni wenye waokoaji, muingie kati ya bendera zilizogawanywa rangi mbili, nyekundu juu na njano chini. Nyekundu tupu ni hatari kubwa, na katika baadhi ya nchi ni marufuku kuingia. Mbili nyekundu ni marufuku kuingia. Bendera yenye miraba minne ya nyeusi na nyeupe hutenga eneo la mbao, hivyo msiogelee humo.

Somo la mawimbi lenyewe ni rahisi kuliko mnavyodhani, mkikubali kuanzia kwenye povu. Chukueni mbao ndefu zenye sponji juu, maji ya kiunoni, mawimbi ya nusu mita yaliyokwisha kuvunjika. Lala kifudifudi katikati ya ubao, pua ya ubao ikae juu kidogo ya maji, wimbi likifika piga mikono mara kadhaa kisha acha likubebe. Siku nzima ya kulala tu juu ya ubao si siku iliyopotea. Mwili unajifunza pale mizani inapokaa. Ubao usiwe hata mara moja kati yako na wimbi linalokuja, kwa sababu litaurusha usoni pako. Ukianguka, anguka bapa kwa mgongo au ubavu, funika kichwa kwa mikono, na usitangulize kichwa kamwe. Mawimbi yanayopasuka moja kwa moja juu ya mchanga mkavu yaacheni kabisa, hata yakiwa madogo. Hayo huvunja shingo.

Voliboli naiweka asubuhi mapema au kuanzia saa kumi alasiri. Uwanja rasmi ni mita 16 kwa 8, wavu mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake, wachezaji wawili kila upande, na umekuwa mchezo wa Olimpiki tangu Atlanta 1996. Ninyi chezeni wanne kwa wanne kwenye uwanja huohuo, ni raha zaidi kwa wasiozoea. Msishangae mkichoka haraka: utafiti uliofanywa Ubelgiji mwaka 1998 ulipima kwamba kukimbia kwenye mchanga hula nguvu mara 1.6 ya ardhi ngumu, na kutembea zaidi ya mara 2. Mchanga mkavu ukilegea namna hiyo, ndama za miguu na kano za visigino ndizo zinazolipa, kwa hiyo siku ya kwanza dakika 30 zinatosha. Anayetaka kukimbia akimbie kwenye mchanga wa maji uliobana, aende na kurudi kwa njia ileile, maana ufuko una mwinamo na mguu mmoja hubaki chini muda wote. Mashimo marefu mliyochimba kwa mchezo yafukieni. Mchanga ukimporomokea mtu ndani ya shimo, kumtoa ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana.

Jua nalo linadanganya kwa kusaidiwa na upepo: ngozi inapoa, mtu hahisi kuungua. Programu nyingi za hali ya hewa huonyesha kipimo cha miale ya urujuanimno, kikiandikwa UV. Kuanzia 3 jikingeni. 8 na kuendelea ni kali sana, na pwani za tropiki hupita 11 mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani linasema mchanga mkavu hurudisha karibu asilimia 15 ya miale hiyo na povu la bahari karibu asilimia 25, na kwamba nusu mita chini ya maji bado ipo asilimia 40 ya ile ya juu. Ndiyo sababu mgongo wa anayeangalia samaki huungua akiwa ndani ya maji. Fulana ya mikono mirefu ya kuogelea inashinda losheni yoyote, kwa sababu haioshwi na maji. Losheni iwe ya SPF 30 au zaidi, mpakwe kwa wingi na mrudie kila baada ya saa 2 na kila mtokapo majini. Weusi wa ngozi hupunguza kuungua, lakini macho na joto havijali rangi. Kofia na miwani ya jua ni za kila mtu. Mwenzenu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akipepesuka na mwili ukiwa wa moto, huo si uchovu wa kawaida. Mtoeni juani, mmwagieni maji mwili mzima mkimpepea, na mwite msaada wa dharura papo hapo.

Kwa hiyo, ukiniuliza mpangilio: siku ya kwanza kuelea na voliboli ya jioni. Ya pili kayaki, ndani ya ghuba, upepo ukikubali. Ubao wa kusimama uje baada ya kayaki, kwa sababu mtakuwa mmeshajua kafi na mmeshaujua upepo wa mahali hapo. Samaki wapeni asubuhi ambayo jedwali linaonyesha maji makuu, iwe siku yoyote ile, na mawimbi yasubiri mpaka mwalimu wa pale aseme leo ni ya wanafunzi. Kila mara mtu mmoja abaki mchangani, ajue nani katoka, kwa kifaa gani, na saa ngapi atarudi, na akipita dakika kumi za ahadi asisubiri tena.

Kuzamia na mtungi msikuweke mwishoni, ingawa najua ndiko mlikokuweka. Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu yetu, na naitrojeni ya kwenye mtungi huyeyuka mwilini zaidi kadiri unavyokwenda chini na kukaa. Ikipewa muda hutoka taratibu kwa pumzi. Ukipanda ndege mapema, hewa ndani ya ndege ni nyepesi kuliko ya usawa wa bahari, na naitrojeni hiyo inaweza kutoa mapovu kwenye viungo, uti wa mgongo au ubongo. Mwongozo unaofuatwa na wazamiaji ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau 18 baada ya kuzamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Wale wawili wasioogelea wasizamie safari hii. Wengine jazeni fomu ya afya kwa ukweli, hasa mwenye pumu, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa kifua, au mwenye mafua siku hiyo, na chini ya maji msizuie pumzi hata kidogo mnapopanda. Zamieni siku ya nne, au ya tano asubuhi ikiwa ya nne ina upepo. Siku ya sita yote rudini kwenye wavu wa voliboli.